Upande wa Ukutani

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku sisi wazima, ila goti la baba linamsumbua asubuhi, na mimi mdomo wangu haujapungua, kama utakavyoona.

Barua yako nimeipata, na sikufichi, imeniudhi. Unasema nimemwacha mzee wetu alale mkekani huku kitanda ulichomnunulia kimekaa tu, na kwamba ukija unamchukua akaishi kwako. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba tangu mama afariki akili zinamwacha. Kila nikimwuliza, jibu ni kwamba mgongo wake unapenda sakafu, basi.

Juzi jirani anayekaa na baba mchana alisafiri, ikabidi niende na mzee kazini. Kazi yangu unaijua: kufuta vumbi na kushona mito kwenye ile nyumba ya makumbusho, ambako kila chumba kimepambwa kama watu wa nchi fulani walivyoishi zamani. Baba alifurahi kuliko watoto wa shule. Alipoona kitanda kilichojengwa ndani ya kabati, chenye milango, aliuliza hao watu walikuwa wanamkimbia nani. Mbele ya mto wa mbao akasema mwenye mto huo lazima aligombana na shingo yake.

Nikamwacha chumba cha mwisho, nikaenda kuchukua uzi. Kurudi, nakuta watu wamejaa mlangoni. Baba amevua viatu, amevipanga chini ya kitanda kipana cha kamba, naye yuko juu yake anakoroma. Mama mmoja alikuwa anamwambia mwanawe kwamba sanamu hii imetengenezwa vizuri mno. Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Na nani anatokea? Mkuu wetu, yule tunayemwita Bi Usiguse.

Nikaanza kuomba radhi huku namtikisa baba. Bi Usiguse hata hakunisikiliza. Alisubiri mzee aketi, akamwuliza kwa upole kwa nini alilala pembeni kabisa, karibu kuanguka, na kitanda ni kipana hivyo.

"Ukutani ni kwa mke wangu," baba akasema. "Najua amekufa, mwanangu, sijachanganyikiwa. Lakini kitanda alichoninunulia kijana wangu ni cha mtu mmoja. Nikikilalia, nalala juu ya nafasi yake. Mkekani tunaenea."

Nililia palepale mbele ya wageni, Bi Usiguse akajifanya anakagua pazia. Njiani baba aliniomba nisikwambie, maana hataki uone zawadi yako ameidharau. Nakwambia hivyo hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wawili tulikuwa tunahukumu tu, wewe huko na mimi hapa chumba cha pili.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo kumwona. Seremala ameshapima chumba. Kabati litatoka, kitanda kipana kitaingia. Hicho chako nitakilalia mimi, usinune.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu wote, hata yule mtundu. Baba naye anakusalimu sana. Jana nilimwuliza nimshonee mto wa namna gani. Akasema wa kwake wowote tu, ila wa mama usiwe mgumu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku