Mkonge Umehamishwa Ukoo

Korogwe, Jumanne, baada ya isha

Na mimi ndiye ninayebandua vibandiko vya majina ya mimea! Kutwa nzima ni maji ya uvuguvugu na kisu, mpaka vidole vinanata gundi. Bwana wa mimea, mkubwa wangu kazini, anasema wataalamu wa kwao wamechunguza upya, wakaona mkonge si wa ukoo mmoja na yale maua mekundu yanayochomoza mvua za kwanza. Umepewa ukoo mpya, pamoja na katani pori. Basi, karatasi zote tulizobandikia majani makavu ziandikwe upya.

Jioni mjomba akafika kutoka Handeni na jibu la wazee juu ya posa yangu. Hakuzunguka. Bibi yangu mzaa mama na bibi mzaa mama wa Mwanahawa ni wa ukoo mmoja, na kwetu Wazigua ukoo wa mama ndio wenye neno. Hakuna ndoa.

Nikamweleza habari ya mkonge. "Sasa mjomba, wazee hawawezi kukaa tena wakachunguza upya?"

Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonikera kuliko yote. "Mpwa wangu," akasema, "mkonge hauna mjomba."

Nimempa kitanda changu. Mimi niko mkekani, naandika huku anakoroma.

Nikitoroka na Mwanahawa, nani atatuzika? Nikinyamaza…

Kesho asubuhi Mwanahawa atapita dirishani pale kazini, kama kawaida yake, kuuliza kama mjomba amefika. Nimezoea kumwita mchumba. Wazee wanataka nimwite dada.