Alama Nyekundu Kwenye Ramani

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifundo cha mguu kimepona, au unachechemea na kujifanya mzima? Mimi niko salama, ila kazi imenibana.

Sasa sikia, usiruke juu. Kile kiwanda cha uchapaji kilichoachwa, mnakochezea viatu vya magurudumu, kimepata mnunuzi, na ofisi yetu ndiyo itakayochora ramani za kulikarabati. Nimemwambia bosi siwezi kulichora jengo kana kwamba halina watu. Nakutumia ramani. Tieni alama nyekundu mnapoingilia, mnapochezea na mnapoweka vitu. Mkionekana kwenye karatasi hamtaachwa nje.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Salamu tele. Kifundo kimepona, nachechemea kwa mazoea tu.

Tumebishana wiki nzima. Breki (tunamwita hivyo kwa sababu hajui kusimama) alisema njia zetu hata mama yake hazijui. Nikasema huyu ni dada yangu, ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Wakakubali kwa ajili yangu.

Zote zimo: dirisha lenye nondo iliyolegea, tundu chini ya mlango wa mizigo, ngazi ya paa. Sakafu ya mbao ya ukumbi wa mitambo msiiguse, tafadhali. Msichana wetu asiyesikia anaupata mdundo hapo, kwa miguu.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Mko wazima wote? Jana kikaoni ramani yenu ilisifiwa na kila mtu. Mnunuzi aliomba nakala, nikampa kwa mkono wangu. Ukumbi wa mitambo umeandikwa "wa vijana". Furahini.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Hakuna aliyeumia. Leo asubuhi wamekuja mafundi wa kuchomelea, nakala ya ramani mkononi. Hawakutafuta. Walifuata nyekundu tu: dirisha, tundu, ngazi. Kufika saa sita mchana walikuwa wamemaliza kuziba zote kwa chuma.

Viatu vya yule msichana vimebaki ndani. Breki hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Ongea nao, dada. Wewe ndiye unayewajua.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Nimeongea nao. Mnunuzi anasema ni usalama tu. Ukumbi wa vijana utakuwepo baada ya miaka miwili, wa kukodi kwa saa. Mbao zinang'olewa. Nimeomba angalau viatu vitolewe, mlinzi anasema hana ruhusa. Bosi kaniambia kazi yangu ni kuchora. Nimelia ofisini mbele za watu, na haikusaidia kitu.

Dada yako

20 Mei

Mdogo wangu,

Mama ameniambia u mzima, lakini ukisikia jina langu unatoka chumbani. Hii ni barua ya nne tangu uninyamazie.

Tumepewa jengo jingine, ghala tupu. Kuna vijana wanaochora kuta zake. Bosi amesema ile njia yangu ya alama nyekundu ilifanya kazi vizuri sana, niitumie tena. Nimekataa, akasema basi atamtuma mwingine. Karatasi ziko mezani kwangu, na kalamu. Sijui nikienda niwaambie nini, wala nisipoenda nani atawaambia.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Dada yako, kama bado