Watoto Walioziba Masikio

Mama,

Nyeri mko salama? Huku Nairobi baridi inauma.

Jana nilimpeleka mjukuu wako Wanjiku kule Lavington, kwenye kikundi cha wazazi wenye watoto wa usonji. Langoni nikapiga hodi kwa nguvu kama nyumbani. Mlinzi akaweka kidole mdomoni. Uani watoto walicheza kimya kabisa, nikadhani ni matanga. Ghafla wote wakaziba masikio, Wanjiku pia. Sisi hatukusikia kitu. Baadaye kidogo helikopta ikapita juu ya nyumba.

“Utazoea,” mzazi mmoja akaninong'oneza. “Hawa wetu husikia mapema.”

Unakumbuka Wanjiku alivyoziba masikio kanisani, mkakemea pepo, kisha mvua ya mawe ikashuka?

Jifunike vizuri, Mama. Asubuhi hii ameziba tena, nami nimenyamaza, nasikiliza.

Binti yako,
Njeri