Sweta Ilimkaa Vizuri

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Iringa mvua imeshika, mahindi yamefika magotini, na kikohozi changu bado kipo. Umeniuliza kama babu yako ni mzima kweli, maana mama yako anaandika tu kwamba babu anakusalimu. Nivumilie kidogo.

Miaka ya hamsini kaka yangu Yohana alialikwa kusoma Uingereza, ili watu wa kule watujue na sisi tuwajue. Mama yetu alipofariki, wazee walikataa aambiwe. "Ataacha masomo," walisema. "Msiba hauandikwi kwenye barua." Aliyejua kuandika nyumbani nilikuwa mimi, basi kila mwezi nikaandika: mama anakusalimu.

Mama wa nyumba aliyokuwa akiishi kule akamfumia mama yetu sweta. Nikamjibu kwa jina la mama kwamba imemkaa vizuri.

Yohana aliporudi tulimpokea stendi, asubuhi ya baridi kali. Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mama hakuja? Si ana sweta?"

Wazee wakamweleza palepale. Hakunigombeza hata siku moja. Alifungua sanduku lake, akatoa barua zangu zote, akanirudishia.

Mjukuu wangu, safari hii pia wamesema usiambiwe mpaka umalize mitihani. Mimi siwezi tena. Babu yako tulimzika mwezi uliopita. Salamu zake za juzi kaziandika mama yako.

Lia, mwanangu. Halafu mwandikie mama yako, na usimgombeze.

Bibi yako