Doti Iliyobaki Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne wijeti inanishinda. Programu ikiwa wazi, simu inasema ilipo bila shida. Ukiifunga, ukabaki na wijeti yenyewe, kile kisanduku cha skrini ya mwanzo — kimya. Simu inakiamsha inapotaka, sekunde chache, kisha kinalala tena. Na humo ndimo wauguzi wa majumbani watakamobonyeza kitufe chekundu wakipatwa na shida, ili gari la wagonjwa lijue liende wapi. Leo kimeandika "Natafuta mahali ulipo" dakika kumi na moja. Bosi kasimama nyuma yangu muda wote. Kasema muuguzi akiona hivyo atadhani tumelala.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Programu inahifadhi mahali pa mwisho ilipopajua, wijeti inasoma hapo. Doti ya mahali inatokea kwenye ramani papo hapo. Bosi kanipigia makofi mbele ya watu.

Mjaribu wetu wa programu — tunamwita Bi Kasoro, hata chai ya ofisini huikuta na kosa — kauliza: hiyo doti ni ya saa ngapi? Swali la haki. Nikaweka saa chini ya doti. Bosi kuiona tu, kasema inachafua, itoe. Bi Kasoro kanitazama. Nimeitoa. Mistari miwili tu ya msimbo.

Jumatatu, 10 Machi

Sista anayemsafisha mama kidonda cha mguu yumo kwenye wauguzi ishirini wa majaribio. Leo nimechelewa kutoka makusudi nimkute. Nimemwekea wijeti mwenyewe, mezani kwetu. Kwenye ruhusa ya mahali nikachagua "wakati wote". Kacheka, kasema sasa nitamjua aliko kuliko mumewe. Alipanda ngazi zetu akihema. Pumu, anasema, na vumbi la msimu huu. Mama kamwambia apumzike kwanza. Kajibu ana wagonjwa sita wanamngoja.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa na nusu mama kanipigia kazini. Wanaume wawili na machela wako mlangoni, wanamtafuta sista.

"Sista si alishaondoka?"

"Tangu saa nne asubuhi. Nimewaambia. Hawanisikii, wanafungua hadi choo."

Nilijua hapohapo.

Alikuwa upande wa pili wa mji. Jengo la ghorofa, lifti mbovu, kakaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Pumu imembana, sauti haitoki, kabonyeza kitufe. Kitufe kikatuma mahali pa mwisho kilipopajua — kwetu. Hakuwa ameifungua programu tangu atoke hapa, na simu ilikuwa inabana betri, haikuiamsha wijeti hata mara moja. Watu wa gari la wagonjwa walimpigia, hakuweza kusema neno. Mfagiaji wa jengo ndiye aliyemkuta, dakika hamsini baadaye.

Yuko hospitali, kwenye mashine.

Ijumaa, 14 Machi

Amefariki asubuhi.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi kaniita, kafunga mlango. Karatasi moja mezani: mtumiaji hakutoa ruhusa ya mahali kwa wakati wote. Nitie sahihi mimi niliyeitengeneza wijeti. Nikamwambia ruhusa niliiweka kwa mkono wangu.

Kaniuliza kwa upole kabisa, "Nani mwingine anajua?"

Mama anajua. Nimeikunja karatasi, nikaitia mkobani.

Bi Kasoro kanifuata hadi kwenye korido. Kasema ujumbe tulioandikiana kuhusu kuitoa ile saa bado anao, hataufuta. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda kazini. Karatasi haina sahihi bado.

Mume wa sista amekuja. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi upande mmoja. Simu ya marehemu iko mkononi. Kaomba radhi kwa kutusumbua. Kasema simu ilikuwa imezimwa tangu siku ile, ameiwasha leo, doti bado inasema mkewe yuko hapa. Na ofisini kwetu wamemwambia kosa ni la mkewe mwenyewe, hakuruhusu. Hakuja kugombana, kasema. Anataka tu kujua alipotoka hapa alikuwaje.

Mama kamkaribisha kiti. Mimi nikasema nachemsha chai.

Ndiyo niko jikoni. Maji yamechemka, nimezima, nimewasha tena. Nawasikia. Kauliza kama aliondoka akihema. Mama kamwambia kidogo, lakini alikuwa anacheka. Sasa ni sauti ya mama, polepole, ile anayosemea na wagonjwa wenzake kliniki:

"Baba, hicho kitu cha kwenye simu mimi sikijui. Ila ruhusa aliweka, niliona kwa macho yangu, hapo mezani. Aliwekewa na binti yangu. Ngoja, aje akueleze mwenyewe."

Ananiita.