Moshi wa Tarehe Tisa Julai

Mangobo, Kisangani,
14 Septemba 2025.

Mpendwa kaka yangu, yaya Fadhili,

Salamu kwanza, maana mama alitulea hivyo: hata ugomvi hungoja watu wajuliane hali. Hujambo? Florentine mkeo hajambo? Binti yenu Djamila bado anakohoa, au baridi ya Uswidi imeshamzoea? Sisi tu wazima. Papa Hamadi, mzee wetu, mguu unamsumbua lakini msikitini anafika. Mimi mwili hauna neno. Moyoni nina hasira na wewe, na sitaki habari hiyo uipate mwishoni mwa barua.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, kisha mtandao unakusaidia kutoroka. Michel, yule mwenzako wa chuoni, anasafiri kuja huko Jumatano na atakukabidhi bahasha hii mkononi. Utaisoma yote.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. Ulianza na mchoro moja kwa moja, bila hata "Nasra, umeamkaje". Ukasema kwamba kwenye mnara wetu wa kupimia hewa kule msituni, upande wa Isangi, hewa ya ukaa ilipanda vibaya kuanzia tarehe tisa Julai hadi kumi na tano, kila siku, asubuhi mpaka jioni. Ukasema ni wazi kuna mtu amechoma makaa ndani ya eneo lililokatazwa moto, na unataka jina lake. Asipopatikana, Guelord mlinzi ataondolewa kazini, kwa kuwa sheria ya mradi uliiandika wewe mwenyewe na huwezi kumpendelea mtu.

Tarehe tisa Julai. Isome tena hiyo tarehe, yaya, polepole, wewe mwenye shahada tatu.

Mama alifariki tarehe nane, saa kumi alasiri, na aliyekupigia simu ni mimi. Ulilia, nilikusikia, sikatai. Kisha ukasema huwezi kuja kwa sababu kiangazi cha tundra, nyika ya barafu unakofanya vipimo, ni kifupi. Ukanieleza, mimi niliyekuwa nimesimama karibu na maiti, kwamba ni wiki chache tu ambazo vile vimea vya huko vinapumua, na ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka inayeyuka na kuachia hewa iliyofungiwa ndani yake tangu zamani, na mtu akikosa kupima Julai amepoteza mwaka mzima. Nilikukubalia. Niliwaambia watu utakuja mwezi wa nane. Mwezi wa nane umepita, na kilichokuja ni mchoro.

Wala usinieleze habari za mnara kana kwamba mimi ni mgeni wake. Daftari la mnara nimeliandika miaka mitatu, nikishuka mto kwa boti kila baada ya wiki mbili. Najua chombo cha juu kinapima upepo mara ishirini kwa sekunde moja, kikiangalia kinachopanda na kinachoshuka. Najua majani huvuta hewa ya ukaa mchana, na jua likizama msitu hurudisha sehemu yake. Najua joto la jua huishia katika kupandisha maji kutoka kwenye majani, ndiyo maana chini ya miti kuna ubaridi na kwenye shamba lililofyekwa unaungua nyayo. Na ule mvuke ndio unaoturudia mvua. Ulinifundisha wewe, na ulikuwa mwalimu mzuri.

Ndiyo maana najua pia kwamba majibu ulikuwa nayo mezani. Saa zote ambazo mstari wako ulipanda, upepo ulikuwa unatoka magharibi. Magharibi ya mnara kuna nini? Kuna nyumba uliyozaliwa. Ulipima mpaka pumzi ya jani, ukashindwa kukumbuka uani kwenu.

Basi sikia kilichotokea. Tulimzika mama kule kule nyumbani msituni, asubuhi ya tarehe tisa. Watu walifika kama mia mbili, wengine kutoka Isangi, wengine kutoka hapa mjini. Tukawasha mioto sita uani: mitano ya masufuria ya wali, pondu ya majani ya muhogo na samaki, na mmoja wa matanga, ambao hauzimwi mpaka hitima ya siku ya saba. Kuni tulizitoa kwenye mti ulioangushwa na dhoruba ya Juni. Hakuna aliyekata mti wako hata mmoja.

Guelord alikuja mbio akiwa na koti la mradi. Nilijua anakuja kutuzuia na nilikuwa tayari kumtukana. Alisimama mbele ya sufuria, akatazama mnara, akanitazama mimi. Akasema, "Ya Nasra, sheria mi naijua, ni kazi yangu. Lakini watu hawawezi kumulilia maman bila moto. Alors, kuni iko wapi?"

Akavua koti, akatundika kwenye msumari wa mlango, akapasua kuni siku saba. Si Mwislamu, si wa damu yetu, na mama alimgombeza kila wiki kwa kupita na viatu kwenye bustani yake ya mchicha. Huyo ndiye unayetaka kumfukuza, na Priscille mkewe ana mimba ya miezi saba. Nyani haoni kundule, yaya. Umemwona Guelord toka Uswidi, mwenyewe hukujiona.

Daftarini sikuandika kitu wiki ile. Kosa hilo ni langu na nalikubali. Nilikuwa na mama wa kuosha.

Lakini kilichonichoma zaidi ni lile neno la mwisho la ujumbe wako. Umesema siku hizo saba utaziondoa, na pengo utaliziba kwa wastani wa siku nyingine zinazofanana nazo. Zinafanana na zipi? Mama yetu alikufa mara ngapi? Wataalamu wako watafungua mwaka 2025 waone Julai imetulia, msitu unapumua vizuri, hakuna lililotokea. Nakuomba, na hapa siombi kwa upole, siku hizo ziache zilivyo na pembeni uandike neno moja: matanga. Mwenye kuuliza atafsiriwe.

Nilimsomea papa ujumbe wako, labda nilikosea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fadhili iko natafuta mwizi mu matanga ya mama yake." Aliomba chai, nikampa, na hajauliza habari zako tena tangu siku ile.

Wanasema hasira hasara. Leo niache nipate hasara.

Ndugu yetu Madina anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike na amempa jina la mama, Mwanahamisi. Majirani wote wa Mangobo wanakusalimu, na wewe uwasalimie Florentine na Djamila. Mwambie Djamila bibi yake alimwachia kanga mbili, ziko kwangu, haziliwi na mende.

Sasa lile jina ulilotaka. Fomu uliyotuma pamoja na ujumbe wako nimeijaza, imo humu ndani ya bahasha.

Umekaa mbali, labda umesahau moto wa matanga kwetu unavyowashwa. Anayeuwasha ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Kama hayupo, mzazi aliyebaki hulitaja jina lake mara tatu mbele ya watu, nao huitikia kwa niaba yake. Hapo yeyote wa damu hushika kiberiti, na moto huhesabiwa kuwa wa yule aliyetajwa. Papa alisimama na mguu wake mbovu akaita Fadhili, Fadhili, Fadhili. Watu mia mbili wakaitika. Mimi nilikopesha mkono tu.

Kwa hiyo kwenye mstari wa "aliyewasha moto" nimeandika jina lako kamili, na papa ametia kidole gumba chini yake kuwa shahidi. Guelord mwache na kazi yake. Mtu unayemtafuta sasa unamjua, na sheria umeiandika wewe.

Mungu akulinde katika hiyo nchi ya barafu, akupe afya, na akufungulie njia ya kuja ungali na mzazi mmoja wa kumkuta hai.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado, ila kwa leo kwa shida,

Nasra