Kiraka Kwenye Mchanga wa Mlali

Dodoma, mwezi wa pili, 1915

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Na kwa salamu ya kwetu Ugogo, mbukwa. Kabla sijauliza hali yako, namwomba mwalimu Filipo anayekusomea barua hii akae karibu nawe, asome polepole, kisha arudie tena: mimi mwanao Yotham ni mzima. Sikufa. Nakula, nalala, na jana nimegombana na mpishi kwa sababu ya ugali mbichi. Baada ya hayo, u hali gani? Dada Ruthu na watoto hawajambo? Mvua imewafikia mashambani, au imeishia mlimani kama kawaida yake?

Habari za msiba wangu nimeletewa na Khamisi mnunua ngozi. Alinikuta hapa stesheni, akatupa mzigo chini na kuanza kusoma dua. Nilimshika mkono aone kwamba wangu una joto, ndipo akaniambia umenyoa nywele, na watu wamelala kwetu tangu siku ulipofuata alama ya pikipiki yangu hadi korongoni, ukaona imeingia na ng'ambo haikutoka, na ukingoni pana kaburi jipya. Maskini Mama! Nililia pale pale mbele ya watu, nami nimevaa kofia ya boma.

Sikulaumu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma ardhi kabla Filipo hajanifundisha kusoma kitabu. Nakumbuka tulipompoteza yule ndama mwekundu. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamekanyaga pale kisimani, nami nazunguka tu naita. Ukanipiga konzi, ukasema ng'ombe haitwi, hufuatwa nyayo. Ukanionyesha kwato moja iliyopasuka, tukaifuata mpaka tukamkuta kivulini anacheua, wala hana habari nasi. Nikiwa porini peke yangu huikumbuka harufu ya zizi letu asubuhi, Mama, na hata lile konzi nalitamani.

Ndiyo maana nilijua utakitambua kiraka changu. Mpira wa gurudumu la nyuma ulipopasuka, fundi aliushonea kiraka cha ngozi, na kila gurudumu lilipozunguka kiliacha alama mchangani, ya mviringo, kama kwato ya ndama. Tangu vita ianze hakuna anayethubutu kukaa karibu na barabara, maana askari wakikukuta wanakutwika mzigo, huendi tena nyumbani. Basi ukawa unatundika kibuyu cha maziwa mgando kwenye kisiki, kisha unarudi kujificha. Mimi nafika, nakunywa upesi upesi huku pikipiki inaunguruma, naacha kibuyu kitupu. Jua likipanda unakuja kutazama kiraka. Tuliishi hivyo bila kuonana, na nilishiba.

Kisha Bwana wa boma akasema sisi tunaompelekea barua kwa pikipiki tukipita kwetu tunachelewa. Akatubadilisha: mimi njia ya Kondoa, na mwenzangu Mustapha, Mrangi wa huko Kondoa, njia ya kwetu Mlali. Njia ya Kondoa ina mawe, kwa hiyo nikapewa mipira mipya. Loo, mipira hiyo! Meli hazifiki tena, basi siku hizi inapikwa humu humu nchini, migumu kama mbao na inanuka kama sufuria iliyoungua. Ile ya zamani ilikuwa imenizoea. Nikifikiria tu kupinda, inapinda yenyewe. Hii mipya inaruka kila jiwe, na penye tope inakwenda inakotaka. Siku ya kwanza nilianguka mbele ya akina mama wa Kizota waliokuwa wakiteka maji, na mmoja akanishauri nilirudishe dude hilo nikapewe punda. Nilijifunza kuiendea pole, nisiukaze usukani, mpaka tukapatana.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Mipira yangu ya zamani, pamoja na kiraka chake, ilivikwa pikipiki ya Mustapha. Niliogopa ukikuta kibuyu hakijaguswa utadhani nimekufa, nikamwomba akifika kwenye kisiki anywe yeye. Alikataa, akasema maziwa ya mama wa mtu hayaibwi. Nikamsihi mpaka akakubali. Mama, kijana yule mamaye alifariki yeye akingali ananyonya, na bibi yake Batuli aliyemlea alizikwa mwaka wa njaa. Mwanzoni aliniambia maziwa ya mama yako ni mazuri. Baadaye nikamsikia anasema mama yetu leo katuwekea na karanga. Nikamuuliza, mama yetu tangu lini? Akacheka. Niliona wivu, Mama, sikufichi, kisha nami nikacheka.

Ndiye aliyeingia korongoni. Maji yalikuja ghafla, na ile mipira iliyochakaa haikushika. Watu wa boma walimwopoa wakamzika pale pale ukingoni. Hakuna aliyepelekewa habari, kwa kuwa hakuwa na wa kupelekewa.

Basi nakuomba, Mama, usiuvunje msiba. Usiwaambie waliokuja kulia kwamba wamekosea nyumba. Waambie waliyemlilia anaitwa Mustapha, kijana aliyekunywa maziwa ya nyumba hii, na nywele ulizonyoa ni zake. Umalizeni kwa jina lake.

Ijumaa narudishwa njia ya Mlali, maana hayupo mwingine. Utaona alama ngeni mchangani, pana, haina kiraka. Usiiogope. Izoee, kama nilivyoizoea mimi. Na kibuyu ukitundike. Fungu lake Mustapha nitampelekea pale kaburini, hata kama Khamisi atasema kwao Waislamu hawafanyi hivyo.

Nisalimie Ruthu, uwabusu watoto, na majirani wote waliochoka kwa ajili yangu wape shukrani. Mwalimu Filipo, Mungu akulipe kwa kusoma. Ukifika hapa mpe Mama maji anywe.

Ni mimi mwanao, mmoja kati ya wawili,

Yotham